Bahari ikibadilika, nani anabadilika nayo?

Siku za bamvua kubwa, upande wa mashariki wa Unguja, maji hupwa hadi mwisho wake mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita nne, kwa hiyo eneo pana la mchanga, mawe na majani ya bahari hubaki wazi wakati jua ndiyo kwanza linapanda. Vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe hupata moto upesi. Maji yanavyokauka chumvi inazidi. Ikishuka mvua ya masika, chumvi hiyo hiyo inapungua ghafla. Oksijeni nayo inakuwa haba. Saa sita baadaye bahari imerudi na mambo yote yamegeuka tena.

Kaa, konokono, chaza na visamaki vya humo wanaishi hivyo mwaka mzima, kusi na kaskazi. Kwa hiyo anayesema viumbe wa pwani wamezoea mabadiliko hakosei. Kosa linaanza kauli hiyo inapovutwa ikapita mpaka wake: kwa kuwa wamezoea kupwa na kujaa, basi watazoea na bahari inayozidi kupata joto, watazoea sumu za viwandani, watazoea chochote tutakachowaletea. Hapo mambo mawili yasiyofanana yamechanganywa. La kwanza linamhusu kiumbe mmoja katika maisha yake. La pili linahusu ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, na kinacholiendesha ni nani anakufa kabla ya kuzaa na nani anabaki.

Mwili unaojirekebisha

Joto likipanda, protini ndani ya chembe hai huanza kupoteza umbo lake, na protini iliyopoteza umbo haifanyi kazi. Karibu viumbe wote, kuanzia bakteria hadi binadamu, wana protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzishika hizo zinazoharibika na kuzirudishia umbo. Kome anayekaa juu ya jiwe, anakopigwa na jua, huwa nazo nyingi kuliko mwenzake aliye chini karibu na maji. Mhamishe polepole yule wa chini umpeleke juu, naye ataongeza zake kwa kadiri atakavyoweza. Jeni zake hazijaguswa. Amejirekebisha tu, na watoto wake watazaliwa wakianzia pale pale alipoanzia yeye.

Mikoko inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Litazame jani la mchu siku ya kiangazi: punje za chumvi zinameta juu yake, na ukililamba utaionja. Mchu huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini, na ile inayopenya huisukuma nje kupitia tezi ndogo za majani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotambaa hewani kama miguu ya buibui, hauna tezi hizo. Unategemea zaidi kuizuia chumvi mizizini. Miti hii miwili imeota kwenye tope moja na kila mmoja ana njia yake.

Uwezo huo wa kujirekebisha ni mkubwa, lakini una dari. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope jingi kwenye hori la Mwache, karibu na Mombasa, likafukia mizizi ambayo mikoko hupumulia. Mti uliomudu maji ya chumvi maisha yake yote ulikufa kwa kukosa hewa. Haukuwa na njia ya kulijibu tatizo ambalo mababu zake hawakukutana nalo kwa kiwango hicho.

Konokono mia saba

Ili kuona ukoo ukibadilika mbele ya macho, inabidi twende mbali kidogo, hadi visiwa vya Koster magharibi mwa Uswidi. Mwaka 1988 mwani wenye sumu ulizagaa baharini huko, ukaua konokono wadogo wa aina ya Littorina saxatilis kwenye vijiwe vingi vinavyochomoza majini. Konokono hao wako wa namna mbili. Penye kaa wengi wanakuwa wakubwa, wenye gamba nene, mdomo wa gamba mwembamba, na tabia ya uoga. Penye mawimbi makali na pasipo na kaa wanakuwa wadogo, wenye gamba jepesi, mdomo mpana unaoruhusu mguu mkubwa wa kung'ang'ania jiwe, na hawaogopi sana.

Mwaka 1992 mtafiti Kerstin Johannesson alichukua konokono 700 wa namna ya kwanza, wale wa penye kaa, akawaweka kwenye jiwe moja la mawimbi lililokuwa limebaki tupu. Kisha akasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha kuwa katika muda wa miaka 30 hivi, ukoo wa konokono hao uligeuka ukawa unafanana sana na wale wa mawimbi waliokuwa hapo kabla ya sumu. Mabadiliko ya umbo yalianza kuonekana mapema, katika miaka ya mwanzo. Watafiti walikuwa wametabiri ni sehemu zipi za jeni zingegeuka, na kwa sehemu kubwa ndizo zilizogeuka.

Ni rahisi kusimulia habari hii vibaya. Hakuna konokono hata mmoja aliyejitahidi kuwa mdogo. Kila kizazi kilizaliwa na watoto wasiolingana: wengine wakubwa kidogo, wengine wadogo, huyu ana mdomo mpana, yule mwembamba. Juu ya jiwe lile mawimbi yaliondoa wengi wa namna moja na kuwaacha wengi wa namna nyingine, na walioachwa ndio waliozaa. Rudia hivyo mara thelathini. Huo ndio uteuzi wa asili, na hauna siri nyingine zaidi ya hapo.

La kuzingatia zaidi ni mahali zilikotoka jeni zenyewe. Miaka 30 haitoshi kusubiri jeni mpya zizuke. Aina za jeni zilizofaa mawimbi zilikuwamo tayari, chache chache, ndani ya wale 700, na nyingine zililetwa na konokono wachache waliovuka kutoka vijiwe vya jirani. Jiwe lilichagua katika vitu vilivyokuwapo. Konokono 700 wangekuwa ndugu wa mama mmoja, nadhani simulizi ingeishia kwenye jiwe tupu.

Samaki anayeishi kwenye sumu

Bandari ya New Bedford, Marekani, ilipokea taka za viwanda vya vifaa vya umeme kwa miongo kadhaa, na tope lake likajaa kemikali za PCB. Ghuba ya Newark ilipata dioksini, sumu nyingine ya viwandani. Mto Elizabeth huko Virginia ulipata mabaki ya dawa ya kuhifadhia mbao. Katika maji hayo anaishi samaki mdogo, urefu wake haufiki kiganja, aitwaye Fundulus heteroclitus. Samaki hao wa bandarini wanaweza kuvumilia kiwango cha sumu hadi mara 8,000 ya kile kinachowaua wenzao wa maji safi.

Timu ya Andrew Whitehead wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ilisoma jeni za karibu samaki 400 kutoka sehemu chafu na safi, ikachapisha matokeo mwaka 2016. Kwa kawaida sumu za aina hiyo hukamata kipokezi fulani, yaani protini inayopokea ishara za kemikali, ndani ya chembe za mwili, na kipokezi hicho kikichochewa bila kukoma wakati samaki angali ndani ya yai, moyo wake hauumbiki sawasawa. Katika sehemu zote nne chafu walizochunguza, zikiwamo hizo tatu, mfumo ule ule wa kipokezi ulikuwa umepunguzwa makali, ingawa mabadiliko yenyewe ya jeni hayakufanana kila mahali.

Habari hii hupendwa na wanaotaka kusikia kwamba maumbile yatajitibu. Ningewashauri wasome sehemu yake ya pili. Samaki huyu anapatikana kwa wingi mno kwenye pwani ile ya Atlantiki, na jeni zake zina tofauti nyingi kupita wanyama wengi wenye uti wa mgongo waliopimwa. Yaani alikuwa na akiba kubwa ya kuchagulia. Tena hakupata uvumilivu huo bure. Kipokezi kilichozimwa kina kazi nyingine mwilini, na watafiti waliona dalili za mabadiliko mengine ya jeni yanayoelekea kufidia hasara hiyo. Kwa samaki wa idadi ndogo, kama papa wengi wanaozaa watoto wachache baada ya miaka mingi, akiba ya namna hiyo haipo.

Binamu wa Fundulus huyo katika Ghuba ya Meksiko, kwenye mkondo wa meli wa Houston, naye ameonekana kuvumilia sumu. Mwaka 2019 ikagundulika kuwa sehemu ya uvumilivu wake ilitoka kwa huyo ndugu wa Atlantiki: spishi mbili zilikutana, zikazaliana, na jeni zikavuka. Kati ya pwani hizo mbili ni mbali, na huenda aliyemvusha wa kwanza ni binadamu na meli zake.

Tumbawe na mpangaji wake

Sasa turudi kwetu, kwenye jambo lililo gumu kuliko yote hayo. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya ngozi yake anaishi mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho. Mwani huyo ni mpangaji anayelipa kodi kwa sukari: chakula anachotengeneza kwa mwanga wa jua kinaweza kufikia asilimia 90 ya nishati anayotumia mwenye nyumba. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, kwa wiki kadhaa, mitambo ya mwani huyo ya kunasa mwanga huharibika na kuanza kutoa kemikali zinazomdhuru tumbawe. Mwenye nyumba anamfukuza mpangaji. Ngozi inabaki bila rangi, mifupa meupe inaonekana, na ndipo tunasema matumbawe yamepauka. Joto likipungua mapema, mwani hurudi. Likikawia, tumbawe anakufa njaa.

Mwaka 1998 ulipiga magharibi yote ya Bahari ya Hindi. Visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai, na Kenya na Tanzania nazo zikaumia vibaya. Mwaka 2016 joto kubwa likaja tena. Tim McClanahan wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society, ambaye amekuwa akipima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alilinganisha miaka hiyo miwili, akaona kwamba kwa joto linalokaribiana, aina kadhaa za matumbawe zilipauka kidogo mara ya pili.

Je, yalibadilika? Jibu linategemea unamuuliza nani ndani ya nyumba ile. Inawezekana kwamba matumbawe dhaifu yalikufa 1998, na waliopimwa 2016 ni waliosalia na watoto wao. Huo ni uteuzi, na ni wa kurithiwa. Inawezekana kwamba matumbawe yale yale, baada ya kupigwa na joto mara moja, yalijirekebisha mwilini, jambo ambalo halimfikii mtoto kwa uhakika. Na inawezekana kwamba mwenye nyumba ni yule yule ila mpangaji amebadilishwa. Wako mwani wa kundi la Durusdinium wanaovumilia joto zaidi, na tumbawe anayewapokea anaweza kupata nafuu ya nyuzi moja hadi moja na nusu. Ukitazama rangi ya mwamba kutoka juu ya mashua, njia zote tatu zinafanana.

Zinatofautiana zinapofika kwenye hesabu ya baadaye. Huyo Durusdinium hulipa kodi ndogo: huko Australia, matumbawe yaliyokaa naye yalikua polepole kwa karibu theluthi moja kuliko yale yenye mwani wa kawaida. Mwamba unaokua polepole unapitwa na majani, na unachelewa kujijenga baada ya dhoruba. Zaidi ya hayo, matumbawe mengi ya matawi hutoa mayai yasiyo na mwani wowote, na kila mtoto hulazimika kutafuta mpangaji wake mwenyewe majini. Mama aliyempata mpangaji mzuri hamrithishi mtoto.

Mfano wa matumbawe yaliyobadilika kweli upo, na upo mahali ambapo majahazi yetu yalikuwa yakienda kila mwaka: kwenye Ghuba, kati ya Uajemi na Bara Arabu. Maji yake ya kiangazi hupita nyuzi 34, wakati ya kwetu yakizidi 30 kwa wiki kadhaa matumbawe huanza kutaabika. Enzi ya barafu bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na kwa kuwa Ghuba kwa wastani haina kina kinachozidi sana mita 35, ilikuwa nchi kavu. Ilijaa karibu kufikia ukingo wa leo miaka 6,000 hivi iliyopita. Matumbawe ya humo ni wahamiaji wa Bahari ya Hindi walioupata uvumilivu wao ndani ya muda huo, pamoja na aina ya mwani inayopatikana huko zaidi kuliko kwingineko. Watafiti wameyazalisha na matumbawe ya Bahari ya Hindi ya spishi ile ile, na watoto wenye mama wa Ghuba walistahimili joto kuliko wasio naye. Kwa hiyo uvumilivu huo umo katika damu, na si mazoea tu.

Hata hivyo, kiangazi cha 2017 upepo wa shamali, ambao huyapoza maji ya Ghuba kwa kuyafanya yavukize, ulilegea. Kusini mwa Ghuba, pwani ya Abu Dhabi, karibu matumbawe yote yalipauka na theluthi mbili hivi zikafa. Hao ndio mabingwa wa joto duniani. Miaka elfu kadhaa iliwapandishia dari, haikuiondoa.

Hesabu ya vizazi

Kinachoamua kama ukoo utawahi kubadilika kabla ya kwisha ni urefu wa kizazi, zaidi ya urefu wa miaka. Konokono wa Uswidi walipata vizazi thelathini hivi. Samaki wa New Bedford huzaa akiwa na mwaka mmoja au miwili. Kwa upande mwingine kuna silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye jarife za maji marefu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchunguzi wa magamba yake uliochapishwa 2021 unaonyesha anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hukomaa akiwa na zaidi ya miaka 50, na mimba hukaa miaka mitano hivi. Tangu matumbawe yalipopauka 1998 hadi leo, silikanti hajamaliza hata kizazi kimoja. Kwa samaki kama huyo, kusema "atabadilika" ni maneno matupu. Kinachomsaidia ni kwamba kwenye kina chake maji hayageuki haraka.

Magharibi ya Bahari ya Hindi, wakati huo huo, imepata joto upesi kuliko bahari nyingi za tropiki: kiasi cha nyuzi 1.2 wakati wa kiangazi cha kaskazini mwa dunia, kati ya 1901 na 2012. Baadhi ya viumbe watahama badala ya kubadilika. Wengine watabaki mahali ambapo maji ya kina yanapoza mwamba, kama mkondo wa Pemba kuelekea Tanga na Shimoni, ambako watafiti wameona matumbawe yana nafuu.

Uvuvi nao unateua, na huteua kwa kasi. Mwaka 2002 David Conover na Stephan Munch walichapisha jaribio la samaki wadogo wa pwani ya Atlantiki waliofugwa kwa vizazi vinne. Kundi moja liliondolewa wakubwa kila kizazi, jingine likaondolewa wadogo. Mwishoni, uzito wa mavuno ya kundi lililokuwa likipoteza wakubwa ulikuwa karibu nusu ya lile lingine. Samaki wanaokua haraka walikuwa wakiondoka na jeni zao.

Mbegu isiyozaa

Kinyume cha yote haya kinalimwa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, za aina mbili: spinosumu, na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Neno mbegu hapa ni la mazoea. Mkulima, na wengi wao ni wanawake, huvunja kipande cha mmea wa mavuno yaliyopita, hukifunga kwenye kamba iliyotandwa kati ya vigingi, na kipande hicho kinakua kikawa mmea mzima. Hakuna dume wala jike, hakuna jeni zilizochanganywa. Shamba zima ni mmea mmoja uliokatwa mara elfu nyingi.

Tangu miaka ya mwanzoni mwa 2000, kotonii imekuwa ikifa kwenye maji mafupi. Maji yakipata joto, ncha zinapauka, zinalainika, zinakatika na kuelea. Kwenye konokono 700 wa Koster wapo waliofaa. Kwenye kamba ya kotonii, kinachoua kipande kimoja kinaua vyote, na mkulima hana cha kuchagua cha kupanda msimu ujao. Jibu lililopatikana ni la kuhama. Mtafiti wa mwani, Dk. Flower Msuya, na wenzake walifanya kazi na wakulima kujaribu kupanda kotonii kwenye maji ya kina zaidi, ndani ya neti za umbo la bomba, na hiyo imewataka wanawake kutumia mashua na kujifunza kuogelea, gharama ambazo kilimo cha vigingi hakikuwa nazo.

Mwani wa asili wa jamii hiyo hiyo unaota kwenye miamba ya pwani yetu. Vipimo vya jeni vimeonyesha kuwa nasaba yake ni tofauti na ya ule unaolimwa Zanzibar. Huo una mimea dume na jike, unatoa mbegu zake majini, na umepitia 1998, 2016 na kila bamvua iliyokuwapo katikati bila mtu wa kuuhamisha. Mashamba mengi bado yanapandwa vipande vya ule wa Ufilipino.